Moyo wa Mulumba

Tata Kalenga alimkuta Mulumba amejitwika gunia la unga wa muhogo, anapiga mluzi. Akamnyang'anya kama mtu anayeokoa mtoto motoni, akalibeba mwenyewe mpaka jikoni kwa mapadri, na huko alifika akihema kuliko treni ya shaba inayopanda kilima.

"Unataka kufa, mutoto?"

"Hapana, tata," alisema Mulumba, akitazama miguu yake.

Miguu yenyewe ilisifiwa Kolwezi nzima, hadi Mutoshi. Mwaka huo Kalenga, mwalimu wa michezo, aliona ushindi juu ya shule ya Jadotville uko mfukoni. Akawekeana dau na shemeji yake Mwenze, mwalimu wa huko: atakayeshindwa atatwanga muhogo uani kwa Mama Kabedi, amejifunga kitambaa cha kichwa, mchana kweupe. Mama Kabedi alikuwa mama mzazi wa Mwenze na mama mkwe wa Kalenga. Kwa mtoto wake ingekuwa kichekesho tu. Kwa mkwe, heri kuhama Kongo.

Ndipo akaja yule daktari kutoka Elisabethville, mgeni asiyemjua mtu. Kalenga alikuwa uwanjani akichora mistari kwa chokaa. Daktari aliwaita wakimbiaji kwa majina, mmoja mmoja, akasikiliza vifua, akachoma sindano. Jioni akamwambia Kalenga kwamba wote ni wazima, ila huyu Mulumba moyo wake ni mbovu. Asikimbie tena maishani. Hata kuku asimfukuze.

Kalenga alilia kwenye leso. Akajifariji kwamba angalau safari hii kijana hakuikwepa sindano. Mwaka wa chanjo ya ndui walimteremsha kutoka mnara wa kengele, tena kwa kamba.

Tangu siku hiyo Mulumba alikula yai kila asubuhi na kukalia kiti chenye mto, kivulini. Alisamehewa hata mstari wa kuitwa majina. Si kwamba aliuhudhuria sana. Wenzake walizoea kumwitikia "présent" naye bado yuko kitandani, kama baba zao walivyoitikiana mgodini. Kalenga alijifanya kiziwi. Zamani naye alimwitikia Mwenze.

Nafasi ya Mulumba akapewa rafiki yake Omer, mrefu kama nguzo ya umeme, ambaye hakuwa hata kwenye timu. Daktari alikuwa amekwisha kuondoka, kwa hiyo Omer alipimwa kwa macho tu. Siku ya kwanza ya mazoezi alikimbia akirusha mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umevimba, siafu, alisema.

Siku ya mashindano Omer alianza kama swala. Raundi ya pili akawa mbuzi. Raundi ya tatu, upande wa mbali wa uwanja, akaketi kwenye majani, mkono kifuani.

Mulumba aliruka kutoka kwenye kiti chake, akakamata ndoo ya maji na kuingia njiani. Alimpita wa mwisho wa Jadotville. Akampita wa katikati. Akampita hata wa kwanza, ambaye aligeuka kuitazama ile ndoo mpaka akajikwaa. Nyuma yao Kalenga alikuwa akikimbia na viatu vya kanisani, akimsihi asimame, amhurumie mama yake.

Kalenga alipofika, Mulumba alikuwa akimnywesha Omer. Tone halikumwagika. Kalenga alianguka magotini, akabandika sikio kifuani kwa Mulumba. Moyo ulikuwa ukidunda polepole, kama mama asiye na haraka anayetwanga majani ya sombe.

Mulumba hakumtazama. Alimsukuma kidogo tu, kuelekea kifua cha Omer.

Kalenga akabandika sikio huko. Mle ndani moyo ulikwenda mbio, ukasimama, ukaruka, ukaanza upya, kama baiskeli inayoendeshwa juu ya reli. Ng'ambo ya uwanja Mwenze alikuwa tayari anakung'uta kitambaa cha kichwa.

Omer alimeza maji, akapangusa mdomo.

"Tata, mi niliitika tu 'présent'. Daktari alisema ni moyo ya Mulumba, basi mi nikamuachia mwenyewe."