Mgeni wa Hester Aldroyd

Mgeni aliingia bila koti, na mvua ya Novemba ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi.

Enid Garside hakujali koti. Alijali kwamba mgeni amefika. Katika ukumbi wa kanisa pale Ormsley wanachama walikuwa wameketi wakitazama saa, na Beryl Sugden alikuwa amekwisha kusema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Leo tukisinzia tena, Enid, tukifunge chama hiki. Hester mwenyewe atatushukuru huko kaburini."

Hakuwa akitania. Kwa miaka mingi walikutana kila Jumanne kusikiliza mihadhara juu ya Hester Aldroyd, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa mjini mwao enzi za Malkia Victoria. Mwaka huu kila mhadhara ulikuwa mkavu kuliko uliotangulia. Walikuwa wamekubaliana kwamba wa leo ndio utakaoamua. Enid alikuwa mjane. Bila Jumanne zile hakuwa na cha kumtoa nyumbani.

"Dakta Crowther," alisema, akiushika mkono wa mgeni uliokuwa baridi kama bomba. "Tulidhani treni imekwama. Njoo, sogea kwenye joto."

Mgeni alifumbua mdomo, akaufumba. Kikombe cha chai kilikuwa tayari mkononi mwake. Dakta aliahidi kuja na picha za kuonyesha ukutani, lakini huyu hakuwa hata na mkoba. Enid aliona si adabu kuuliza.

Jukwaani mgeni alisimama, macho kwenye bango lenye jina la Hester.

"Mumewe alikuwa mtu wa kupendwa na watu," mgeni alianza.

Hakuwa na karatasi. Kwa sauti ndogo alieleza jinsi Hester alivyojifunza kuipima hasira ya mumewe kwa namna alivyofunga lango. Jinsi alivyotenganishwa na dada zake, mmoja mmoja, kila mara kwa sababu njema. Jinsi alivyoficha furaha yake, maana ikionekana itachukuliwa.

Hakuna aliyekohoa. Biskuti ya Beryl ilikatikia ndani ya chai, naye hakuiona.

Mzee Clifford Ackroyd aliinua mkono. "Uniwie radhi, Dakta. Mimi nimesoma kwamba yule bwana alikuwa mpole. Alimnunulia meza ya kuandikia."

"Mbele za watu alinunua vingi."

"Hayo mengine yameandikwa wapi?"

"Hayaandikwi."

Clifford alishusha mkono. "Basi nimemsoma vibaya maisha yangu yote."

"Kwa nini hakuondoka?" aliuliza Beryl, na safari hii hapakuwa na kejeli.

"Milango yote aliyoijua yeye, mumewe aliijua pia."

Beryl alimwinamia Enid. "Huyu umemtoa wapi, mwenzangu? Mwakani arudi. Mimi sifungi chama chochote."

Enid alijifuta macho. Aliinuka kutoa neno la shukrani, kama ilivyo desturi yao, na hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka. Mwanamume nadhifu alikunja mwavuli, akafuta viatu vyake vizuri mkekani, akatabasamu.

"Samahani kuwakatizeni, mabibi na mabwana. Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Nadhani umekosea ukumbi, bwana," alisema Enid. "Hapa kuna mhadhara. Tunaye Dakta Crowther, mtaalamu wa Hester Aldroyd."

Mwanamume alitazama jukwaani. Alicheka taratibu, kama mtu mzima anayecheka na watoto.

"Huyo? Huyo hajasoma hata kitabu kimoja tangu nimuoe. Hester ndiye nani?"

Kule mbele mgeni alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili.

Enid alisikia viti vikisogezwa nyuma yake, kimoja baada ya kingine. Beryl alikuwa amekwisha kusimama mbele ya jukwaa.

"Keti, bwana," alisema Enid. "Dakta hajamaliza."