Moto wa Kiberiti

"Hapana! Nimesema ile ya kiberiti, basi," alisema Mzee Odur, akagonga sakafu mpya kwa fimbo yake.

Wanjala, fundi wa gesi kutoka Kenya, alikuwa amewazoea wateja wabishi wa Kampala, lakini huyu alikuwa kiboko. Mbele yao palikuwa na meko ya sebuleni yenye magogo ya bandia, ya udongo uliochomwa na kupakwa rangi hadi ungeapa yametoka msituni. Kilichobaki ni kuchagua namna ya kuyawasha.

"Mzee wangu, nisikilize. Ya rimoti, unakaa kwenye kiti, unabonyeza, moto huo. Ya kitufe, betri inatoa cheche yenyewe. Hii ya kiberiti mpaka upige magoti, uwashe njiti, ufungue gesi kwa mkono. Kila siku! Na magoti yenyewe ndiyo hayo."

"Haya magoti yamepiga doria miaka thelathini, ssebo."

Okidi, mwanawe, alikuwa anapiga picha kwa simu: sebule, vyumba, hata bafu. Mzee alinyoosha kola ya shati.

"Baba, sogea kidogo," Okidi alisema. "Halafu sikiliza fundi. Watu siku hizi wanataka rimoti."

"Watu gani? Kwetu Acholi baba ndiye anawasha wang oo, ule moto wa uani. Jioni watoto wanakuja, wanakaa, wanasikia hadithi. Sasa niwashe na rimoti kama televisheni? Wajukuu watanicheka!"

Hicho tu ndicho alichokitaka duniani. Katika nyumba za polisi Nsambya aliishi chumba kimoja na mke na watoto watano, wakipikia mlangoni. Kiwanja hiki, mbele ya Nateete, alikinunua kikiwa kichaka kitupu, watu wakimcheka. Okidi alipotaka kujenga, mzee alimkabidhi hati na kutia sahihi kila karatasi aliyoletewa. Asome ya nini? Ni mtoto wake, jamani, si mshukiwa.

Okidi alimtazama babake kwa muda, kisha akatia simu mfukoni.

"Fundi, unaweza kumfundisha vizuri? Asikosee hata siku moja?"

"Nitamfundisha mpaka anipite."

"Basi funga ya kiberiti. Baba atakuwa anawasha mwenyewe."

Banange! Mzee alimshika mwanawe mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimlengalenga. Miaka yote hiyo alidhani watoto hawamsikii, kumbe wanamsikia. Okidi aliangalia saa, akasema ana haraka, akaondoka.

Kazi ilichukua siku mbili. Mzee alijifunza kwa bidii ya kuruta: kwanza njiti, ndipo gesi, kamwe si kinyume. Alirudia mara kumi, akimwamuru Wanjala asimame mbali. Miali ilipopanda kati ya magogo, alicheka hadi akakohoa.

"Fundi, umeona? Rimoti yako peleka kwa wavivu."

Wanjala naye alicheka. Alikuwa amefunga meko nyingi kwa matajiri wa vilimani, lakini hakuwahi kuona mtu akifurahia moto namna ile. Siku hiyo aliondoka roho yake nyeupe.

Jumamosi Okidi alipiga simu: gari litafika saa nne, baba awepo nyumbani. Wajukuu hao! Mzee alipiga pasi koti lake la kustaafu, akapanga viti vidogo mbele ya meko, akavihesabu mara mbili. Honi ilipolia, alikwenda mbio kufungua geti mwenyewe.

Lilikuwa lori la fanicha. Kutoka kiti cha mbele alishuka mwanamke asiyemjua, mkononi ana futi ya kupimia mapazia.

"Ah, wewe ndiye askari!" alisema kwa furaha. "Okidi ametuambia unakaa kile chumba cha nyuma, na kwamba jioni utakuwa unakuja kutuwashia moto."