Usingizi wa Kumpa Jirani

Tangu watu waanze kupeana usingizi kwa kugusanisha vidole gumba, Mwanakombo hakuwahi kumnyima jirani, ingawa anayetoa hukesha. Siku ya nne bila kulala, mwiko ulimponyoka ukatumbukia kwenye karai la mafuta yanayochemka. Mama Chiku akaingia, kichanga mgongoni.

"Shoga, nisaidie tena."

Makame, mpasua mbao, mumewe Mwanakombo, akamzuia mgeni.

"Huyu ataungua!"

"Basi toa wewe, shemeji. Usingizi wako unamtunzia nani?"

Makame akanyoosha kidole gumba. 

Kesho yake alifungua mlango, macho mazito, aende kwenye msumeno wake. Barazani walikaa majirani saba.

"Shemeji," wakasema, "tumesikia na wewe sasa unatoa."