Visiki Saba Hadi Chooni

Kisiki cha nne ndicho kilichovunja mpini wa shoka. Mng'oa visiki alikaa ukingoni mwa shimo, akautazama mpini, akautazama mzizi mnene kuliko paja lake, kisha akatoa tusi ambalo mwajiri wake alijifanya hakulisikia.

"Mama, hii miti ilipandwa au ilijengwa?"

"Muulize baba mkwe huko aliko," alijibu mwajiri huyo, fundi cherehani. Alikuwa ndani ya shimo la jirani, sururu mkononi, udongo mpaka kwenye nyusi. "Chimba."

"Na mumeo anajua?"

"Anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua ameoa mtu gani."

Mume hakujua lolote. Visiki vilikuwa saba, vimepangana mstari kutoka getini hadi choo cha uani, na kwa miaka sita vilikuwa haviguswi kama makaburi. Vilikuwa ndiyo macho ya mavyaa wa fundi, mama mzazi wa mume. Bibi huyo alipofuka wiki ile ile mkamwana alipoletwa nyumbani, na tangu hapo alitembea uani kwa kuvigonga kwa fimbo, akihesabu kwa sauti, cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba, na mlango wa choo huo hapo.

Mengine yote Mungu alimfidia. Kipande kikubwa cha nyama alikipata kwa pua. Kuku akiusogelea mchele ulioanikwa, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele, maana masikio yake yalisikia hata nyayo za kuku. Kupika, kufua na kuteka maji ndiko kulikomshinda, na hizo kazi zilikuwa na mtu.

Mtu mwenyewe alishonea kwenye ujia wa nyumba, na kila aliyekwenda chumbani alipita juu ya nguo za wateja. Alitaka kibanda cha kushonea hapo uani. Matofali alikuwa nayo. Alikuwa pia na kidole kidogo cha mguu kilichovunjwa mara mbili na kisiki cha tatu, na kila alipoomba, mume alikuwa na jibu lile lile.

"Gusa hata kimoja, na safari yako ni kwa baba yako. Mama yangu hatatambaa kwa sababu ya cherehani."

Hakuwa akitania. Mpangaji mmoja alishafukuzwa kwa kuacha ndoo kwenye njia ya Mama.

Sasa mume alikuwa amempeleka mama yake kwa dada mtu kwa siku tatu. Mkewe alishapiga hesabu zake: siku mbili za kung'oa, ya tatu ya kufukia, kisha kamba mpya ya bluu kutoka getini hadi chooni, mavyaa aifuate kwa mkono. Hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka, na uchovu wa miaka sita haushauriani na mtu.

Siku ya pili alasiri, kisiki cha saba kilikubali yaishe. Mashimo yote yalikuwa wazi, kila moja la kufika kiunoni, mizizi iliyokatwa imetokeza huku na huku. Walikuwa ndio kwanza wanakaa wanywe maji gari liliposimama nje.

"Kwa dada hatuendi tena!" Sauti ya mume ilisikika ng'ambo ya ukuta, katikati ya kishindo cha mizigo. "Amempa Mama ungo wa mchele auchambue! Mama! Kipofu! Yule ana akili kweli?"

Fundi cherehani aliinuka. Aliitazama kamba ya bluu, bado imefungwa na karatasi ya dukani, akaanza kufikiria sanduku gani litatosha nguo zake.

Geti likafunguka. Mavyaa aliingia wa kwanza, mbiombio, mkono mmoja tumboni. Safari ilikuwa ndefu na barabara ilikuwa mbovu.

"Mama, simama!" mkamwana alipiga kelele.

"Nisimame niaibike? Njia yangu naijua!"

Mume akaingia nyuma yake. Aliyaona mashimo, na sanduku likamponyoka. Alinyoosha mkono amdake mama yake, akamkosa. Mng'oa visiki, ambaye hakutaka kuwa shahidi wa kifo cha mtu, alijifunika uso kwa kofia.

Bibi akakunja gauni lake kwa mkono mmoja, fimbo akaitia kwapani. Shimo la kwanza akalizunguka kwa kushoto. La pili kwa kulia. Kati ya la tatu na la nne akapita juu ya kijiukingo chembamba, hatua moja mbele ya nyingine. La tano lilikuwa na mizizi pande zote mbili, akaliruka. Ya mwisho mawili akayapita pembeni, akimlaani kwa sauti mjinga aliyeacha sururu njiani.

Akashika komeo la choo. Hapo ndipo alipogundua kwamba ua mzima uko kimya.

Taratibu akaitoa fimbo kwapani, akanyoosha mkono mbele, akaanza kupapasa hewa.

"Mwanangu," akaita kwa sauti ya unyonge, "mbona leo sikipati kisiki cha saba?"