Mdomo wa Baltazar

Baltazar alijua ameachwa na timu pale alipoondolewa kwenye kundi la WhatsApp. Alikuwa anaandika kwamba mipira ya mazoezi imebaki miwili, na mmoja umevimba ubavuni. Ujumbe haukwenda.

Uongozi mpya wa Mlima Stars haukuwa umemaliza hata mwezi. Mpira ulikuwa haujanunuliwa, lakini viongozi wote walishapata trakisuti zenye majina yao mgongoni. Mwenyekiti wao, Sylvester, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Katesh, barabara ya Singida, alikuwa amejifunza neno "weledi" na hakutaka likae bure. Kumwacha Baltazar kulikuwa weledi. Kumwacha kupitia simu kulikuwa weledi zaidi.

Kosa la Baltazar lilikuwa mdomo. Nje ya uwanja alisema kila kitu: wachezaji kusafirishwa kwenye fuso juu ya magunia ya ngano, jezi kufuliwa na mama zao, trakisuti kutangulia mipira. Ndani ya uwanja ndiyo usiseme. Beki huyu mkongwe alianza kupiga kelele na filimbi ya kwanza na hakunyamaza mpaka ya mwisho.

"Kona hiyo! Inakuja juu! Kulia kwako, Niko, toka! Sasa chini, chini, lala!"

Hata aliyekuwa nje ya ukuta akinunua mahindi ya kuchoma alijua mpira uko wapi.

Kipenzi cha mwenyekiti alikuwa huyo Niko, yaani Nicodemo, golikipa. Kijana mrefu, mpole, na kufungwa kwake kulikuwa kwa nadra tangu aanze kusimama nyuma ya Baltazar. Mjini walisema ana maringo, kwa sababu aliweza kupishana na mzee barabarani asimwamkie mpaka mzee mwenyewe akohoe. Sylvester hakukubali. Siku uongozi ulipotambulishwa, Nicodemo alimpita yeye na trakisuti yake, akaenda kumpa dereva wa fuso mikono miwili na shikamoo ndefu.

"Mmeona unyenyekevu huo?" Sylvester aliwaambia wenzake. "Anaanza na wadogo. Huyu ndiye mchezaji wa kisasa. Hana maneno."

Baltazar alimfuata dukani.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Kama umekuja kulalamika, muone katibu."

"Sijaja kulalamika. Mmeniacha, sawa. Naomba mechi ya Jumapili tu, hii na timu ya Mogitu. Siyo kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Niko."

Jumapili ilikuwa fainali, na mtu wa timu kubwa ya Dar alikuwa anakuja kumtazama Nicodemo. Kijana akichukuliwa, mama yake, Getruda, angehama chumba cha kupanga alichoishi tangu tope la mlima liisombe nyumba yake. Katesh nzima ilimwombea.

Sylvester alicheka mpaka akashika kaunta. "Niko anakuhitaji wewe? Mgeni wetu anakuja kutazama mpira, ndugu yangu, siyo kusikiliza redio."

Baltazar alifungua mdomo. Akaufunga. Wateja waliokuwa wanachagua misumari wakatazamana, maana hawakuwahi kuliona jambo hilo. Uso wake ulionyesha wazi kwamba kunyamaza kulikuwa kunamuuma.

"Basi huyo mliyempa nafasi yangu," alisema mwishowe, "mwambieni aongee."

"Tumemchagua kwa sababu haongei."

Jumapili upepo ulivuma tangu asubuhi. Mgeni wa Dar alikaa chini ya turubai, soda mkononi, Sylvester ubavuni kwake. Getruda alikaa kwenye majani, rozari mkononi. Mogitu walipata kona mapema, na sauti ikapasuka kutoka pembeni mwa uwanja.

"Kulia, Niko! Juu! Toka!"

Nicodemo akaruka kulia, akaudaka mpira juu ya vichwa vya watu. Mgeni akatoa simu na kuanza kurekodi. Sylvester akainua kidole kimoja, na mgambo wawili wakambeba Baltazar mpaka nje ya geti. Huko barabarani hakunyamaza, lakini upepo ulizichukua kelele zake zote ukazipeleka Singida.

"Unasikia utulivu huo?" Sylvester alimwambia mgeni. "Huo ndio weledi."

Haikupita muda Mogitu wakapata faulo, mbali kabisa, karibu na katikati ya uwanja. Mpigaji alikuwa mkulima wa alizeti mwenye kitambi, na alipiga shuti la mtu anayetaka tu kazi iishe. Mpira ulidunda, ukadunda tena, kisha ukaanza kubingirika taratibu kuelekea golini.

Nicodemo hakutikisika. Alikuwa ameinama kidogo, mikono ameitanua, uso wake umeelekea mbele.

"Mtazame," alinong'ona Sylvester. "Hana papara."

Mpira ukapita kando ya kiatu chake na kugusa wavu.

Uwanja mzima ulikuwa kimya. Mogitu wenyewe walisahau kushangilia. Nicodemo alikuwa bado ametanua mikono, bado anatazama mbele, na baada ya kusubiri kidogo akageuza shingo kuelekea kwa beki mpya.

"Jamani," aliuliza kwa upole, "wameshapiga?"