Kibao cha Marehemu Abedi

Vibao viwili vya viboko vilipita bila ubishi. Cha kisiwa cha ndege kilipita pia, na hata cha lile jiwe ambalo, ukiliangalia vibaya kiasi cha kutosha, linafanana na simba. Boti ilipokaribia gati dogo la Mukubi, Mkurugenzi Blanchard wa ofisi ya utalii alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema:

"Bon, Odile. Sasa tuletee maiti yako."

Odile ndiye aliyepewa kazi ya kupanga vibao vya kusomwa na wageni, kwa safari ya boti kutoka Kindu kuushuka mto Lualaba. Vingine vyote alivipanga kwa ajili ya mshahara. Hiki alikipanga kwa ajili ya roho yake.

Wakati wa vita, wenye bunduki walikataza watu kuvuka mto. Abedi Assumani, mvushaji wa Mukubi, aliwavusha hivyo hivyo, usiku. Aliwalaza sakafuni mwa mtumbwi na kuwafunika mikungu ya michikichi, kama mzigo wa kupeleka sokoni. Odile alivushwa humo akiwa mtoto, kiganja cha mama yake kimemziba mdomo. Waliopiga risasi walipewa vyeo, na cheo hujikumbusha chenyewe. Aliyevusha hakupewa hata ubao. Hilo Odile alilibeba moyoni tangu utoto, na lilikuwa halijapoa.

Mkurugenzi alikuwa amekubali, ila kwa sharti moja.

"Marehemu tu," akalirudia sasa. "Shujaa aliye hai ni hatari. Leo unamuandikia kibao, kesho anagombea ubunge, kesho kutwa mimi nafukuzwa kazi."

"Huyu ni marehemu kabisa, Mukubwa."

Nyuma yao mtu alikohoa. Alikuwa ni mzee aliyeshika usukani, ambaye mtoni kote anaitwa Kapita, basi.

Odile alikiinua kibao, akasoma: "'Hapa Abedi Assumani, mwanaume mrefu asiyejua woga...'"

"Murefu?" akauliza Kapita.

"Papa Kapita, angalia mto."

"Mto ninauangalia. Nauliza tu. Mimi nasikia alikuwa mufupi. Na woga alikuwa nao, tena mingi. Muntu hana woga anavusha watu muchana."

Mkurugenzi akacheka. "Kumbe ulimujua?"

"Kidogo. Alikuwa anakoroma sana."

Odile alimtupia jicho la kunyamazisha jogoo. Kapita akageukia maji, mabega yakimtikisika.

"Na alikufa namna gani?" Mkurugenzi aliendelea.

"Alikuwa anarudi peke yake, watu wameshafika ng'ambo. Walimpiga risasi katikati ya mto. Mtumbwi uliokotwa, yeye hapana."

"Kwa hiyo kaburi haiko."

"Kaburi njo huu mto, Mukubwa."

Mkurugenzi alivaa miwani yake tena. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Odile, mimi siwezi kusimamisha kibao juu ya maji. Wenyeji wakiniambia alikufa, sawa. Wakisita, tunaweka kingine cha viboko."

Viboko walikuwa na vibao viwili tayari.

Pale gatini Mama Mounira alikuwa anapindua samaki juu ya moshi. Mkurugenzi alimsalimia vizuri, kisha akamuuliza kama ni kweli Abedi mvushaji alikufa. Mama Mounira alimtazama Odile. Akaitazama boti. Akapindua samaki mwingine ambaye hakuwa na haja ya kupinduliwa.

"Sisi tulimulilia, Mukubwa. Matanga nzima. Wanaume walinyoa nywele, mbuzi akachinjwa. Na hapa kwetu, muntu mukisha kumulilia, jina lake limekwisha. Hatuliite tena."

"Ile mbuzi ilikuwa mifupa tupu," Kapita akasema kutoka kwenye boti.

Mama Mounira aliweka mkono kiunoni. "Wee, unajua nini? Ulikuwa hapa?"

"Sikuwa. Njo kile kinaniuma. Nilikuta wamesha maliza hata mifupa."

"Basi funga mudomo. Muntu hakuleta hata kuni, leo anakuja kuhesabu nyama."

Mkurugenzi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipoyafuta, uso wake ulikuwa umelainika.

"Nywele zimenyolewa, mbuzi ameliwa, jina limefungwa," akasema. "Huyu amekufa kuliko wakubwa wengi ninaowajua. Simikeni nguzo."

Mafundi walishuka na koleo na mfuko wa simenti. Walichimba shimo mahali mitumbwi ilipokuwa ikisukumwa majini wakati ule, wakasimamisha nguzo, wakamwaga zege. Odile alisimama kando, midomo ameikaza, maana alijua akiifungua tu atalia mbele ya mafundi. Mkurugenzi alikwenda kuchaguliwa samaki.

Hapo Kapita naye akashuka, polepole, suruali ameikunja magotini. Alisimama mbele ya kibao, akakisoma neno kwa neno, kidole kikimtangulia. Akakuna kichwa. Kisha akageuka kuelekea kule kwenye samaki.

"Mukubwa," akaita, "hili neno 'mrefu', mimi bado..."

Odile alimwahi, akamshika kiwiko, akamvuta mpaka nyuma ya moshi, akamwekea mdomo sikioni.

"Papa Abedi," akanong'ona, "nakuomba, baki maiti mpaka simenti ikauke."