Choroko za Mwanaheri

Harufu ya tui la nazi ilimpokea Mwanaheri mlangoni, akajua yameshatokea tena. Hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akafunua sanduku lake la nguo. Bakuli lake la choroko halikuwemo.

Jikoni, mama mkwe wake, Bi Shemsa, alikuwa akikoroga chungu polepole.

"Mama, zile choroko nilikuwa nazichipuza!"

"Zilishaanza kuota mikia, mwanangu. Nikasema, huyu kazisahau tena, zitaharibika bure."

"Sikuzisahau. Nilizificha!"

"Sandukuni?" Bi Shemsa alicheka. "Nani anaficha choroko sandukuni? Njoo ule kabla hazijapoa."

Mara ya kwanza Mwanaheri alimweleza taratibu kwamba mikia ndiyo anayoitaka. Mara ya pili alimweleza huku analia. Mkwe aliitikia vizuri, kisha akaenda kununua nazi. Katika nyumba ile vyungu vilikuwa vya mkwe, mapazia ya mkwe, hata chumvi ilitiwa kwa mkono wa mkwe.

Aliipokea sahani yake, akaonja. Zilikuwa tamu, na hilo lilimuudhi zaidi.

Alipoinama kuokota kitambaa kilicholowa alichozifunikia choroko, kilichotupwa kando ya jiko, aliona choroko moja imenasa kwenye mkunjo, imetoa mkia mweupe. Aliutazama mgongo wa mkwewe, kisha akaifunga upesi kwenye pindo la kanga yake.

"Nikuongeze?" aliuliza Bi Shemsa.

"Niongeze, mama," alijibu, kiganja kimelifumbata fundo.